Nani Atalalamika, na Fimbo Itamwangukia Nani?

Hotuba juu ya haki za wafanyakazi na hifadhi ya mazingira katika mikataba ya biashara, iliyotolewa mbele ya kikao cha wanaharakati na waumini.



Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya viwango vya kazi na mazingira katika mikataba ya biashara ya kimataifa. Niliposoma maneno hayo nilijua ya kwamba nusu yenu mtasinzia, na nusu ya pili mtajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na harakati za mageuzi. Tulipokimbizwa na polisi siku ya Saba Saba mwaka 1990, hakuna aliyekuwa akipaza sauti juu ya ushuru wa forodha. Tulidai vyama vingi; kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Tulidai katiba mpya. Ikapatikana mwaka 2010. Tukaamini, wala haukuwa ujinga, kwamba mwananchi akiisha kuwa na kura na katiba, sheria zinazotawala maisha yake zitatungwa mbele ya macho yake.

Naomba radhi kuwaambia kwamba sehemu ya sheria hizo hutungwa katika vyumba ambavyo mimi na wewe hatujawahi kuingia. Saa ngapi mshonaji afanye kazi, dawa gani inyunyiziwe mimea, mfuko gani wa plastiki uruhusiwe sokoni: mambo haya siku hizi huguswa na mkataba wa biashara, na mkataba huo ukiisha kuridhiwa, kifungu cha 2(6) cha Katiba yetu kinaufanya kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Mtu aliyepigania Katiba kisha asisome mikataba ni kama mtu aliyejenga ukuta mzuri akaacha lango la nyuma wazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Athi River. Kiwanda sitakitaja. Nilimwuliza kama aliwahi kuwaona wakaguzi wanaotumwa na wanunuzi wa ng'ambo. Akanijibu, "Wageni wakija sisi tunajua jana yake. Tunapewa vitambaa vya kufunika pua, na chooni kunawekwa sabuni. Wakiondoka, vitambaa vinarudi stoo." Nikamwuliza kama aliwahi kuwaambia ukweli. "Niwaambie nini, na msimamizi amesimama nyuma yangu? Halafu wakikasirika waache kununua, mimi nitakula wapi?"

Mama huyo hakusomea sheria ya mataifa, lakini maswali yake mawili yamenisumbua kuliko vitabu vyote nilivyosoma juu ya jambo hili. Nani anaweza kulalamika bila kuumia? Na adhabu ikija, itamwangukia nani? Kila mkataba unaoletwa mbele yenu, hata uwe na maneno matamu namna gani, upimeni kwa maswali hayo.

Jambo lenyewe si geni. Sheria ya Musa iliagiza kibarua maskini alipwe ujira wake kabla ya jua kuchwa, awe ndugu au awe mgeni. Angalieni neno hilo, mgeni. Katika biashara ya mataifa, hata mkataba wa jumla wa ushuru wa mwaka 1947 uliruhusu nchi ikatae bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa gerezani. Zaidi ya hapo walimwengu hawakukubaliana. Mawaziri wa biashara walipokutana Singapore Desemba 1996, waliamua kwamba haki za wafanyakazi ni kazi ya Shirika la Kazi Duniani, wala zisitumiwe kuwa kisingizio cha kuzuia bidhaa za nchi maskini. Mwaka 1999 huko Seattle Rais Clinton alipodokeza kwamba siku moja vikwazo vya biashara vitumike kulinda haki hizo, serikali za nchi maskini zilighadhibika, na mkutano ule ulivunjika bila mapatano, ingawa si kwa sababu hiyo pekee.

Serikali zetu zilisema: tajiri anatafuta njia ya kuwafungia mlango wenye mishahara midogo. Nakiri kwamba katika maneno hayo mna ukweli. Lakini ni nusu ya ukweli, kwa maana wengi waliosema hivyo walikuwa wakiwapiga virungu viongozi wa vyama vya wafanyakazi nyumbani kwao. Mtu akimtetea maskini mbele ya tajiri, kisha akirudi nyumbani akamnyima maskini huyo huyo chama chake, tumwulize anamtetea nani hasa.

Basi mlango uliofungwa Singapore ukafunguliwa kando. Nchi moja moja, na makundi ya nchi, yakaanza kuandika viwango katika mikataba yao wenyewe. Sisi tulikutana navyo katika AGOA, sheria ya Marekani iliyotiwa saini Mei 2000 na kuyafungulia soko mazao na nguo za Afrika bila ushuru. Wengi walidhani ni zawadi. Ilikuwa na masharti, likiwemo sharti la kwamba nchi iwe imeweka, au iwe inaendelea kuweka, ulinzi wa haki za wafanyakazi: uhuru wa kujiunga na chama, marufuku ya kazi ya kulazimishwa, umri wa chini wa kuajiriwa, mshahara wa chini na usalama kazini. Rais wa Marekani ndiye aliyepewa kazi ya kuamua kila mwaka nani anafaa na nani hafai.

Je, sharti hilo liliwahi kuuma? Liliuma Swaziland, nchi ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini. Mwaka 2012 serikali ya mfalme ililifutia usajili shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Sheria ya ugaidi na sheria ya mikutano zilikuwa zikitumiwa kuwabana wanaharakati. Baada ya maonyo mengi, Marekani iliiondoa Swaziland katika AGOA kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Baadaye sheria kadhaa zilirekebishwa, shirikisho likasajiliwa, na nchi ikarudishwa mwaka 2018. Mwenye kutazama mwisho tu atasema dawa ilifanya kazi, na sitambishia. Lakini katikati ya mwanzo na mwisho huo kuna viwanda vya nguo vilivyofungwa na wanawake waliorudi nyumbani mikono mitupu. Mfalme hakukosa chakula hata siku moja. Fimbo iliinuliwa kwa ajili ya wafanyakazi, ikateremka juu ya migongo yao wenyewe.

Tena tusisahau kwamba mwenye kushika fimbo hiyo aliweza kuitumia kwa mambo mengine kabisa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko Washington wakitaka hadhi ya AGOA ya nchi zetu ichunguzwe upya. Kenya ikarudi nyuma upesi. Rwanda ilishika msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru. Sisemi kwamba kuzuia mitumba kulikuwa hekima. Akina mama wa Gikomba wana hoja zao, na nzito. Nasema tu kwamba waliolalamika walisikilizwa ndani ya miezi michache, ilhali malalamiko ya mshonaji hukaa miaka.

Miaka mingapi? Wapo waliohesabu. Mwaka 2008 vyama vya wafanyakazi vya Guatemala, pamoja na shirikisho la Marekani, vilishitaki kwamba serikali ya Guatemala haitekelezi sheria zake za kazi kama ilivyoahidi katika mkataba wake wa biashara na Marekani. Watu walifukuzwa kwa sababu ya kujiunga na chama, mahakama zikaamuru warudishwe, na amri hizo zikapuuzwa. Jopo la waamuzi lilitoa uamuzi mwaka 2017, baada ya miaka tisa. Nalo lilikiri kwamba kweli amri za mahakama hazikutekelezwa. Hata hivyo Guatemala ilishinda, kwani mkataba ulidai ithibitishwe kwamba kosa hilo limeathiri biashara baina ya nchi hizo, na ushahidi wa hilo haukutosheleza. Mfanyakazi alikuwa amedhulumiwa, lakini biashara haikuwa imedhurika. Ningependa kila mbunge wetu asome uamuzi ule kabla hajanyanyua mkono kupitisha mkataba wowote.

Sasa tazameni upande wa pili, msije mkasema nimekuja kuwakatisha tamaa. Mkataba mpya wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2020 uliweka utaratibu wa haraka ambao lalamiko lake halielekezwi kwa nchi nzima bali kwa kiwanda kimoja, na wafanyakazi wenyewe au chama chao wanaweza kulianzisha. Kesi ya kwanza ilihusu kiwanda cha magari cha General Motors katika mji wa Silao. Hapo wafanyakazi walikuwa chini ya chama cha zamani, na kura yao ya Aprili 2021 juu ya mapatano ya kazi ilivurugwa. Kura ikarudiwa Agosti, mapatano yale yakakataliwa, na Februari 2022 wakachagua chama chao huru. Kufikia Mei walikuwa wamepata nyongeza ya mshahara ya asilimia 8.5. Mwaka mmoja, si tisa. Tena wale walioajiriwa katika viwanda vingine vya Mexico hawakupoteza kibarua kwa ajili ya kosa lisilo lao. Utaratibu huo una dosari, kubwa zaidi ikiwa ni kwamba Mexico hukaguliwa kwa urahisi kuliko Marekani yenyewe. Lakini umejibu maswali yote mawili ya yule mama.

Kambodia nayo ilijaribu njia yake. Katika mapatano yake ya nguo na Marekani ya mwaka 1999, viwanda vikitimiza sheria za kazi nchi iliongezewa kiasi cha nguo inachoruhusiwa kuuza, hadi asilimia 14 kwa mwaka, na waliokwenda kukagua walikuwa watu wa Shirika la Kazi Duniani. Badala ya fimbo, karoti. Mfumo wa migawo ya nguo ulipokwisha mwishoni mwa 2004, zawadi hiyo ikaisha nayo.

Turudi nyumbani, maana huku ndiko kuna mambo yasiyosemwa.

Mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharagwe mabichi na minji kutoka Kenya kwa sababu mabaki ya dawa ya kuulia wadudu yalikuwa yamepatikana kupita kiasi. Shehena moja katika kila kumi ikawa inapimwa. Wakulima wadogo wengi waliachwa na wanunuzi, kwa kuwa gharama ya kuwafuatilia ilizidi faida. Hiki ni kiwango chenye meno kweli kweli: kilitekelezwa bandarini, bila jopo na bila kusubiri miaka tisa. Lakini kinamlinda nani? Kinamlinda anayekula haragwe huko London au Paris. Yule anayelinyunyizia dawa shambani bila glovu hayumo katika kipimo, kwani maabara hupima haragwe, haipimi damu ya kibarua. Na viwanda vya Ulaya vimeendelea kwa miaka kuziuzia nchi kama yetu dawa ambazo Ulaya yenyewe imezipiga marufuku mashambani mwake. Mtu akija kutuhubiria juu ya mazingira, tumkaribishe kwa heshima, tumpe chai, kisha tumwulize habari za dawa hizo.

Na tusimwulize yeye peke yake. Mjini Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014, kikiwa na leseni ya eneo la bidhaa za kuuza nje. Risasi iliyotoka humo iliuzwa ng'ambo. Moshi na maji machafu vilibaki kijijini. Watoto waliingiwa na sumu damuni, na wafanyakazi vilevile. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, alianzisha mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Katika wenye hatia zilikuwemo taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda.

Nawaombeni mtambue ni nini kilichofanya kazi hapo. Haukuwa mkataba wa biashara, wala mnunuzi wa risasi ng'ambo hakuuliza swali. Ni mwanamke mmoja, majirani zake, mawakili waliokubali kesi ngumu, na Katiba iliyosema katika kifungu cha 42 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi. Bila hayo, hata kungekuwa na mikataba kumi, sumu ile ingeendelea kutiririka.

Yako pia mambo ambayo mkataba huweza kuyabomoa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu ya hadi miaka minne gerezani au faini ya hadi shilingi milioni nne. Miaka mitatu baadaye, tulipoanza mazungumzo ya biashara na Marekani, baraza la viwanda vya kemikali vya nchi hiyo liliwaandikia wajumbe wao likitaka mkataba uzuie vizuizi vya namna hiyo, na Kenya iwe kituo cha kusambazia kemikali na plastiki zao Afrika. Barua hiyo ilifichuliwa na waandishi wa habari. Mazungumzo hayo hayakufikia mkataba. Lakini fikirini: kama barua isingalivuja, nani kati yetu angalijua?

Sasa tunao mkataba mwingine mkononi. Tarehe 18 Desemba 2023 Kenya na Umoja wa Ulaya zilitia saini hapa Nairobi Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, nao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2024. Maua, chai, kahawa na mboga zetu zinaingia Ulaya bila ushuru. Bidhaa za Ulaya zitafunguliwa mlango huku polepole. Wapo wanaoupenda na wapo wanaouogopa, na mjadala huo mtaufanya siku nyingine. Kwa leo nataka mjue kwamba una kiambatisho juu ya biashara na maendeleo endelevu ambacho kinazifunga pande zote mbili kisheria: kuheshimu haki za msingi za wafanyakazi, kutopunguza ulinzi wa kazi na mazingira kwa ajili ya kuvutia biashara, kutekeleza mapatano ya tabianchi. Mzozo ukitokea, upo utaratibu wa kuuamua.

Maneno mazuri. Lakini rudini kwa yule mama. Wanaoweza kufungua mzozo ni serikali, na serikali yetu haitajishitaki, wala Brussels haina haraka ya kumgombania kibarua wa Naivasha. Tena tulitia saini ahadi ya uhuru wa vyama ilhali Kenya, tangu uhuru wa 1963 hadi siku ile ya saini, ilikuwa haijauridhia Mkataba Nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu uhuru huo huo. Kifungu cha 41 cha Katiba kinautambua uhuru huo, kwa hiyo sioni kilichokuwa kikiogopwa, isipokuwa macho ya watu wa nje.

Tunayo silaha tuliyoisahau. Mwaka 2007 wakulima wadogo wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba serikali inajadiliana na Ulaya bila kuwashirikisha. Hukumu ilitoka Oktoba 2013. Mahakama haikuyasimamisha mazungumzo, lakini iliamuru serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakiwemo wakulima hao, na ihimize mjadala wa wananchi juu ya jambo hilo. Wakulima, ndugu zangu! Si maprofesa, si wabunge. Walisimama juu ya kanuni ambayo sisi tuliipigania barabarani, wakaipeleka mahali ambapo hatukuwa tumefikiria.

Basi ninayoyataka kwenu ni madogo. Kila parokia na kila kikundi kilicho karibu na viwanda vya kuuza nje au mashamba ya maua kiwe na watu wawili au watatu wanaojua kiambatisho hicho kinasema nini, na wanaoweza kuandika malalamiko ya mfanyakazi bila kutaja jina lake. Mfanyakazi hawezi kwenda kwa mkaguzi mbele ya msimamizi, lakini Jumapili huja kanisani, na hakuna msimamizi atakayeuliza amezungumza na nani baada ya ibada. Malalamiko hayo yapelekwe kwa afisa wa kazi wa serikali, na nakala kwa ofisi ya Umoja wa Ulaya hapa Nairobi, ili isisemwe kwamba hawakujua. Wabunge wenu waulizeni, kabla ya mkataba ujao, kama lalamiko litaelekezwa kwa kiwanda au kwa nchi nzima, na kama chama cha wafanyakazi kinaweza kulifungua chenyewe. Na kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Andikeni barua mkidai mkataba huo kwa Kiswahili, kwani anayeshona kola za mashati ya kuuza ng'ambo hana sababu ya kukodi wakili ili ajue ameahidiwa nini.

Kiambatisho chenyewe nimekuja nacho kwa Kiingereza, nakala sita. Nimemwachia katibu. Tafsiri ya kurasa za kazi nimeianza kwa mkono. Aliye na ujuzi wa lugha ya sheria na nafasi ya jioni mbili tatu anione kabla hatujaondoka.